Kwa mnaotutengenezea "simu za kike": barua ya wazi

Ndugu wakurugenzi wa kampuni za simu na kompyuta, na ninyi wakuu wa ubunifu na masoko mnaokaa nao meza moja,

Salaam kutoka Mtaa wa Aggrey, Kariakoo. Mimi ni mwanamke, ninauza simu na ninazitengeneza, kwa hiyo bidhaa zenu ninazijua zikiwa ndani ya boksi zinameremeta, na ninazijua zikiwa mezani kwangu zimefunguliwa, bodi nje, betri pembeni. Nawaandikia kuhusu zile mnazotuletea kwa jina la wanawake.

Kilichonisukuma ni mzigo ulioshushwa dukani kuelekea Siku ya Wanawake Duniani. Kampuni siitaji, maana nina hakika haiko peke yake. Afisa masoko alikuja na mabango, maputo na simu za pinki, kila moja na kipochi chenye kioo cha kujitazamia. Simu yenyewe ilikuwa toleo lilelile tulilokuwa tukiuza la rangi nyeusi na bluu, bei ileile. Nilipoiwasha moja na kuingia kwenye maelezo ya simu, nikakuta ya pinki ina RAM, ile memori ya kuendeshea programu, ya GB 4. Nyeusi ina GB 6. Nikamuuliza kijana wa watu imekuwaje. Akanijibu kwa upole kabisa, bila nia mbaya: "Dada, kina mama hawaangaliagi hayo."

Jibu hilo hakulitunga yeye. Limeshuka kutoka juu, kwenu, ngazi kwa ngazi, mpaka likafika kaunta yangu. Ndiyo maana barua hii haimwendei yeye.

Kabla hamjanielewa vibaya: sina ugomvi na pinki. Kava ya simu yangu mwenyewe ina maua. Pwani yetu haijawahi kuona haya kujipamba. Kanga imejaa nakshi na rangi tangu karne ya 19, na wafanyabiashara wa Zanzibar na Mombasa waliokuwa wakiagiza kanga kutoka viwanda vya mbali walifundishwa adabu mapema na wateja wao. Mwenye neno alikuwa mwanamke anayevaa. Mtindo ukipitwa, mzigo ulibaki dukani na mwenye duka alikula hasara. Ikabidi wasikilize. Bibi harusi wa pwani hadi leo anavalishwa kisutu, nyekundu, nyeusi na nyeupe, wala hakuna aliyewahi kumwambia kwamba hajawa mwanamke kamili mpaka aongezewe pinki.

Tena hiyo pinki kuwa "ya kike" ni mazoea ya juzijuzi. Mwezi Juni 1918 jarida moja la wafanyabiashara wa nguo za watoto huko Marekani liliandika kwamba pinki ni ya wavulana, kwa kuwa ni rangi yenye nguvu zaidi, na bluu iliyo laini ni ya wasichana. Walikuwa wanauza nguo, kama ninyi mnavyouza simu. Kesho mkiamua kijani ndiyo ya kike, mabango yatabadilishwa na maofisa masoko watatuapia kwamba imekuwa hivyo tangu enzi za Hawa.

Ninachogombana nacho ni hiki: mnapaka rangi pale mlipotakiwa kuuliza swali. Kubadilisha rangi ya kifuniko cha nyuma ni gharama ndogo. Kukaa na wanawake mia kadhaa wa Temeke, Kisumu, Goma au Muscat, mkawauliza simu inawakwaza wapi, halafu mkaibadilisha bodi, programu na kamera kufuata majibu yao, hiyo ni gharama kubwa. Mmechagua rahisi, na rahisi hiyo mnatuletea kama zawadi.

Ugonjwa huu ni wa zamani kuliko simu. Mwaka 1955 Dodge ya Marekani ilitoa gari liitwalo La Femme, pinki na jeupe, likaja na mkoba, kibweta cha lipstiki na mwavuli vinavyofanana rangi na viti. Chini ya boneti lilikuwa Dodge lilelile la siku zote. Lilidumu miaka miwili likaachwa. Zaidi ya nusu karne baadaye, 2012, Honda wakauza Japani gari dogo liitwalo Fit She's, lenye pinki yake na kioo cha mbele cha kuzuia miale ya jua isimkunje dereva ngozi. Miaka yote hiyo katikati, na bado anayefikiriwa ni mwanamke anayeogopa makunyanzi.

Kwenye kompyuta mnakumbuka Della. Mei 2009 Dell walifungua ukurasa wao wa intaneti kwa ajili ya wanawake, wakauita hivyo, na kati ya mambo waliyotufundisha kufanya na kompyuta ndogo ni kutafuta mapishi, kuhesabu kalori na kufuatilia mazoezi. Kasi ya prosesa (ubongo wa kompyuta), ukubwa wa diski, betri inakaa saa ngapi, hayo yaliwekwa nyuma. Wanawake waliwaka, na ndani ya wiki chache ukurasa ule ulizimwa.

Ungedhani wenzao wamejifunza. Mwaka 2012 kampuni ya Dubai, Eurostar, ikaingiza sokoni tableti ya inchi 8 iliyoitwa ePad Femme, kwa takriban dola 190. Ilikuwa tableti ya kawaida ya Android. Uanamke wake ulikuwa picha ya pinki kwenye skrini na programu zilizokwisha kuwekwa: mapishi, yoga, orodha ya manunuzi, kupunguza uzito. Afisa wa kampuni alipoulizwa alieleza kwamba ingemfaa mwanamke ambaye huenda akapata shida kupakua programu hizo mwenyewe. Dubai siyo mbali na sisi. Mizigo mingi ya Kariakoo hupita huko, na wanawake wa huku ndio wengi wanaokwenda na kurudi nayo, wakibishana bei kwa lugha tatu na kutuma picha za bidhaa kwa wateja hata kabla hawajatoka dukani. Mwanamke huyo ndiye mliyeona atashindwa kubonyeza "pakua"?

Nitawatendea haki. Zipo bidhaa ambazo mtu aliuliza japo swali moja. HTC Rhyme ya 2011 ilikuwa ya zambarau na ilikuja na kamba yenye kidude cha taa. Kamba unaichomeka kwenye simu, kidude kinaning'inia nje ya mkoba, na simu ikiita kinawaka. Simu kuzama chini ya mkoba ni kero ya kweli, na aliyeliona hilo alikuwa na akili. Fujitsu nao, mwishoni mwa 2012, walitoa Japani kompyuta ya mkononi iitwayo Floral Kiss, na wafanyakazi wanawake wa kampuni walishirikishwa kuibuni. Ilikuwa na ukingo uliowezesha mwenye kucha ndefu kuifungua bila kuivunja kucha. Hilo pia ni jambo la kweli; wasusi na wapaka kucha wa Kinondoni wangewapigia makofi. Halafu wakaiongezea programu ya kusoma nyota.

Tatizo la Rhyme lilikuwa ndani. Mwaka uleule HTC haohao waliuza Sensation yenye prosesa ya viini viwili na kamera ya megapikseli 8. Rhyme ikapewa kiini kimoja na megapikseli 5. Kuuza simu ya daraja la kati si dhambi, mimi mwenyewe nakula kwa simu hizo. Dhambi ni kuifanya ya daraja la kati ndiyo iliyoandaliwa kwa ajili yetu, na ya daraja la juu ikabaki "ya watu wote", kwa maana mnayoijua. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Linganisheni na Motorola Razr. Ilipotoka ya pinki mwaka 2005, ilikuwa Razr kamili. Kioo kile, bodi ile, kibodi kile chembamba cha kung'aa, hakuna kilichopunguzwa. Aliyetaka pinki alichukua pinki na aliyetaka ya fedha alichukua ya fedha. Wala hakuna aliyetuandikia yoga ndani. Hivyo ndivyo rangi inavyotakiwa kuuzwa, na iliuzika sana, msiniambie soko halitaki.

Nyinyi wa masoko najua mtaniletea jedwali: simu za pinki zinanunuliwa. Ni kweli. Swali langu ni nani ananunua. Kwenye kaunta yangu, ya pinki huondoka zaidi Februari na Machi, na anayetoa pesa mara nyingi ni mwanaume anayemnunulia mke au mchumba. Haulizi kitu, anaona pinki, moyo unatulia, analipa. Mtumiaji mwenyewe nakutana naye baadaye, anapokuja kulalamika kwamba simu inaganda, memori imejaa, WhatsApp haifunguki. Kwenye takwimu zenu huyo ni mwanamke aliyeipenda pinki. Hakuwahi kuulizwa.

Na mkishapaka, wakati mwingine mnapandisha bei. Mwaka 2015 idara ya kulinda watumiaji ya jiji la New York ililinganisha bidhaa karibu 800 za kike na za kiume zinazofanana, ikakuta za kike zinazidi bei kwa wastani wa asilimia 7. Mfano uliobaki kichwani mwangu ni wa skuta ya mtoto: nyekundu dola 24.99, ya pinki dola 49.99, duka moja, kampuni moja. Mtoto wa kike anaanza kutozwa kabla hajajua kusoma bei.

Sasa niwaambie wanawake wanaokuja kwangu wanauliza nini, maana nasikia mnalipa pesa nyingi kwa watafiti na mimi nitawapa bure.

Wanauliza chaji. Mama anayetoka Mbagala saa kumi na moja alfajiri na kurudi usiku anataka simu iliyo hai muda wote huo, kwa sababu M-Pesa na Mixx by Yas (zamani Tigo Pesa) ndiyo droo yake ya mauzo. Wanauliza memori, kwa kuwa anayeuza vitenge au mitumba kwa WhatsApp anapiga picha mia kwa siku na kupokea mia mbili. Wanauliza kamera, lakini siyo ile mnayoitangaza kwao. Mnawatangazia kamera ya kulainisha uso na kukonda mashavu. Wao wanataka kamera ambayo kitenge cha samawati kitaonekana samawati, mteja wa Mwanza asije kurudisha mzigo akisema alidanganywa. Ile "urembo" mnayoiwasha kiwandani bila kuuliza, nimewazimia wateja wengi mpaka vidole vinajua njia vyenyewe.

Wanauliza ukubwa. Simu za inchi 6.7 hazishikiki kwa mkono mmoja na mtu mwenye kiganja kidogo, na ndani ya daladala mkono wa pili umeshika bomba au mtoto. Mtasema ndogo hamuuzi. Apple walijaribu kwa iPhone mini ya 2020 na 2021, wakaacha. Sawa, lakini ile ilikuwa ya bei ambayo wateja wangu hawaifikii. Kwenye simu za laki mbili hadi nne, ndogo mnazotuletea ni zile mlizozinyima kila kitu: betri ndogo, kamera mbovu, memori ya kujaa wiki ya kwanza. Hamjawahi kuniletea ndogo nzima.

Halafu kuna suala la kufungua simu, ambalo kwa mji wetu ni kubwa. Mwanamke anayefua na kuosha vyombo vya watu kutwa nzima, au mama lishe anayepika, alama za vidole zimelika. Simu haimtambui, anaandika namba ya siri mbele ya umati. Mwingine anavaa nikabu. Kwake uso siyo ufunguo wa kufungulia simu kituoni Buguruni. Mwaka 2017 Apple walitoa iPhone X wakaondoa kitambua kidole, uso ukabaki peke yake pamoja na namba ya siri, na baadhi ya kampuni nyingine zikakimbilia njia hiyohiyo kwenye simu za bei ya juu. Wanawake wa nikabu walikuwepo, wa kwetu na wa Ghuba nzima, ambako simu hizo zinauzwa kama karanga. Iliwabidi wasubiri dunia yote ivae barakoa kwa ajili ya korona. Machi 2022 Apple wakaleta uwezo wa kuifungua iPhone kwa kutazama eneo la macho tu. Kumbe liliwezekana. Lilikuwa linasubiri kuwa tatizo la wanaume.

Hadithi ya programu ya afya ya Apple inafanana na hiyo. Ilipotoka 2014 iliweza kutunza kumbukumbu za chumvi unayokula, pumzi unazovuta kwenye kifaa cha pumu, hata kiwango cha pombe kwenye damu. Hedhi haikuwemo. Watu waliobuni kifaa cha kufuatilia mwili wa binadamu walisahau jambo linaloupata mwili wa nusu ya binadamu kila mwezi. Iliongezwa Septemba 2015, baada ya kelele, na mwezi huohuo ndipo iPhone ya kwanza ya dhahabu ya waridi ilipoingia madukani. Vyote viwili vilitoka kampuni moja, mwezi mmoja. Rangi ilipewa mabango makubwa. Nawaachia wenyewe mpime ni kipi kilikuwa na manufaa.

Mnaona basi kwamba kazi ipo, na ni ya kihandisi. Mwaka 2018 watafiti Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipima programu za kampuni kubwa zinazotaja jinsia ya mtu kwa kutazama picha yake. Kwa wanaume weupe makosa hayakuzidi asilimia 0.8. Kwa wanawake weusi yalifika asilimia 34.7. Mwanamke mweusi anasimama mbele ya mashine yenu na kila mara ya tatu inambahatisha. Hapo ndipo pa kutuletea "teknolojia kwa wanawake".

Wala msiseme Afrika haiulizwi kwa kuwa haina faida. Transsion ya Shenzhen, wenye Tecno, Infinix na itel, waliuliza. Wakasikia laini mbili, betri ya kudumu, kamera isiyotugeuza kivuli gizani, na leo hakuna wauzaji wa simu Afrika wanaowazidi. Nawapongeza bila kinyongo, ingawa nao wanaposema "Mwafrika" nina shaka wanamwona nani kichwani.

Maana wanawake ndio ambao bado hawajafika. Ripoti ya 2024 ya GSMA, umoja wa kampuni za simu duniani, inasema katika Afrika kusini mwa Sahara uwezekano wa mwanamke kutumia intaneti ya simu ni mdogo kwa asilimia 32 kuliko wa mwanaume. Vikwazo vinavyotajwa mbele ni bei ya simu yenyewe, kisha kutojua kusoma na kutojua kuitumia. Rangi haimo. Simu ya GB 4 iliyopunguzwa kimyakimya inamwongezea mwanamke huyo kikwazo, kwa sababu akiba ya miezi imekwenda kwenye kitu kitakachoganda kabla ya mwaka kwisha, na hana akiba nyingine.

Kwa hiyo naomba haya. Rangi zote za toleo moja ziwe na ndani moja na bei moja, na RAM na memori viandikwe mbele ya boksi kwa herufi zinazosomeka, si chini ya msimbo pau. Programu zozote mnazotuwekea tuweze kuzifuta, za mapishi na za kamari kwa pamoja. Kitambua kidole kisiondolewe kwenye simu yoyote mnayoileta Afrika Mashariki au Ghuba. Nataka simu moja, moja tu kwa kuanzia, inayoenea kiganjani, yenye betri ya kweli, chini ya laki nne. Na mkiandika popote kwamba kifaa kimebuniwa kwa ajili ya wanawake, mtaje wanawake wangapi walikijaribu, wa wapi, na wakasema nini hadi mkabadilisha kipi. Kama hakuna kilichobadilishwa, iandikeni rangi yake tu, inatosha, tutachagua wenyewe.

Kwa maofisa masoko nina neno dogo la ziada. Acheni kutufundisha sisi wauzaji kumpima mteja kwa mavazi. Juzi kijana wangu wa dukani alimwonyesha mama wa makamo simu za vitufe, kwa heshima zote, shikamoo na kiti akampa. Mama alikuwa mhasibu, alitaka simu ya kuendeshea mfumo wa mauzo wa maduka yake. Aliondoka na simu mbili za bei ya juu, nyeusi. Kijana nimemsema. Mafunzo aliyapata kwenye semina ya kampuni.

Majibu nitayapokea kwa maandishi. Anayetaka kuja aje siku ya Jumatatu asubuhi, wateja wanakuwa wachache na nitampisha kiti upande wangu wa kaunta akae mpaka adhuhuri asikilize wanayouliza. Aje na mhandisi, mpiga picha abaki ofisini.

Wenu katika biashara,
Fundi na muuza simu, Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, Dar es Salaam

Nakala: Tume ya Ushindani